Presha haipigi hodi

Mtu anayeishi mbali na kwao huiogopa simu ya alfajiri. Jamaa wa nyumbani wanaijua tofauti ya saa, wanajua kwamba huku watu wamelala, na hawapigi wakati huo ila kwa jambo moja. Mimi ilinijia siku ya Jumanne, na dada yangu hakuhitaji kuimaliza sentensi yake. Jumatatu asubuhi kaka yetu mkubwa alikuwa ameketi kunywa chai, kikombe kikamponyoka mkononi, mdomo ukaenda upande. Hakuzungumza tena. Walinificha siku nzima kwa kutarajia nafuu, na usiku wa manane akafariki dunia. Kwa sababu ambazo si za makala haya, siwezi kukanyaga nchi niliyozaliwa, kwa hiyo maziko yake niliyafuata kwa simu.

Waliokuja matangani walisema lile linalosemwa siku zote: jana tu alikuwa mzima. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Siku ya tatu, walipokuwa wakipanga nguo za marehemu, walikuta katika droo pakiti nne za vidonge vya shinikizo la damu. Moja ilikuwa imeliwa nusu. Tatu hazikuguswa. Tarehe iliyoandikwa na hospitali ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Hakuwa mzima, basi. Alikuwa mgonjwa asiyesikia maumivu, na wa aina yake ni wengi mno. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, takriban theluthi moja ya vifo vyote ulimwenguni, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu wazima bilioni 1.3, wa umri wa miaka 30 hadi 79, wana shinikizo la juu la damu. Karibu nusu yao hawajui. Ambao shinikizo lao limedhibitiwa ni mmoja tu katika kila watano.

Afrika Mashariki haimo nje ya hesabu hiyo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana tatizo hilo, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja katika maisha yao. Ule uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulitoa picha inayokaribiana: robo ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Haya si maradhi ya matajiri wanene peke yao, ingawa ndivyo tulivyozoea kuyasema.

Neno lililotupotosha

Nimetumia sehemu kubwa ya umri wangu nikihariri maneno ya watu wengine, na nathubutu kusema kwamba katika jambo hili neno lenyewe limechangia kutudhuru. Kiswahili kina istilahi nzuri, shinikizo la damu, lakini mitaani tunasema presha. Na presha kwetu ni wasiwasi. Mama anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe husema anapata presha. Timu inayokaribia kushuka daraja iko katika presha. Aliyefiwa huambiwa apunguze mawazo, asije akapata presha.

Kutokana na matumizi hayo imezaliwa imani kwamba presha ni maradhi ya mtu mwenye fikra nyingi, na kwamba anayecheka na kulala vyema hana haja ya kupimwa. Kaka yangu alikuwa mtu wa mzaha. Alipoambiwa hospitalini kwamba ana presha alicheka, akauliza ataipata wapi naye hana deni la mtu.

Tumeongeza na jingine: presha ya kupanda na presha ya kushuka, zikitambuliwa kwa kizunguzungu. Kichwa kikiuma, imepanda. Macho yakiona giza wakati wa kuinuka, imeshuka. Siku ambayo hakuna kimojawapo, mtu hujiona amepona, na vidonge hurudi kwenye droo. Ukweli ni kwamba kwa walio wengi shinikizo la juu halina dalili yoyote, na kichwa kinachouma aghalabu kinauma kwa sababu nyingine kabisa. Hakuna anayeweza kulijua kwa kulisikia mwilini. Hata daktari hawezi kulijua kwa kumtazama mtu.

Moyo hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku. Kila unapojikunja huisukuma damu katika mishipa, na nguvu ya msukumo huo juu ya kuta za mishipa ndiyo namba ya juu katika kipimo. Unapolegea ili ujae tena, nguvu iliyobaki ndiyo namba ya chini. Kwa mtu mzima, 120 kwa 80 ni hali njema. Ikifika 140 kwa 90 au kupindukia, tena katika vipimo vya siku tofauti, madaktari wa sehemu nyingi za dunia huliita shinikizo la juu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2017, mstari umeshushwa hadi 130 kwa 80.

Mwenye kumwagilia shamba kwa mpira anaweza kuielewa hatari yake. Mpira unaopitisha maji kwa nguvu kupita kiasi haupasuki siku ile ile. Unachakaa kidogo kidogo, mpaka siku moja. Mishipa nayo hukakamaa, ukuta wake wa ndani huchubuka, mafuta hujikusanya pale penye mchubuko na njia huwa nyembamba. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, hicho ni kiharusi. Ukiziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe, sehemu ya msuli wa moyo hufa. Figo huharibika, macho hufifia, na moyo, ambao kwa miaka umekuwa ukisukuma dhidi ya mlango mzito, hutanuka na kuchoka. Yote haya yaweza kuchukua miaka 10 au 20, na katika muda huo mtu anacheza karata barazani.

Ugonjwa huu haukumheshimu hata aliyekuwa na madaktari mlangoni. Mwezi Machi 1944, daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akakuta 186 kwa 108. Wananchi waliendelea kuambiwa kwamba rais wao ana afya. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, Roosevelt alilalamika kwamba kichwa kinamwuma vibaya, akapoteza fahamu. Kipimo cha saa hiyo kilizidi 300 kwa juu, na 190 kwa chini. Alikufa akiwa na umri wa miaka 63, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kidonge cha maana cha kumpa. Dawa za kundi la thiazaidi, ambazo hadi leo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, zilianza kutumika mwaka 1958. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani hakuweza kupata kile kilichokuwa kimelala katika droo ya kaka yangu.

Kutoka Kavirondo hadi Nairobi

Swali ambalo Waafrika wa ughaibuni huulizana ni kama maradhi haya yamo katika damu yetu. Nchini Uingereza na Marekani watu weusi hupata shinikizo la juu kwa wingi zaidi, na mapema zaidi, kuliko Wazungu. Wapo wanaokata tamaa kwa sababu hiyo. Baba alikuwa nayo, babu alikuwa nayo, mimi nitaikwepa vipi?

Jibu moja la kushangaza liliandikwa kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya Waafrika 1,000 wenye afya. Ulaya ilikuwa inajulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kavirondo halikupanda. Baada ya umri wa miaka 40 lilielekea kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja aliyeweza kusema ana shinikizo la juu. Donnison aliandika kwa macho ya enzi yake, na hayo hatuna haja ya kuyarithi. Lakini namba alizozipata hazikuwa na rangi.

Zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti walirudi katika eneo lile lile. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo walioondoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Waliohamia mjini shinikizo lao lilipanda muda mfupi tu baada ya kufika, na likabaki juu ya lile la waliobaki kijijini katika kipindi chote cha utafiti. Mkojo wao ulionyesha kilichobadilika: chumvi imezidi, na madini ya potasiamu, yanayotoka katika mboga, matunda na vyakula vya shamba, yamepungua. Uzito pia uliongezeka, na mapigo ya moyo yakawa ya kasi zaidi. Watu ni wale wale, kabila ni lile lile, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa maisha.

Anayesoma haya akiwa Muscat, Minneapolis au Leicester aifikirie safari ya Mjaluo yule, kisha aipime na yake mwenyewe.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Richard Cooper na kuchapishwa mwaka 1997, uliwapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika nchi mbalimbali. Wenye shinikizo la juu walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi kwenyewe, 26 katika visiwa vya Karibi na 33 nchini Marekani. Mwaka 2005 Cooper na wenzake waliwalinganisha watu weusi na Wazungu wa nchi kadhaa: kwa weusi kiwango kilikuwa kati ya asilimia 14 na 44, kwa Wazungu kati ya 27 na 55. Walioongoza walikuwa Wajerumani. Urithi una nafasi yake, na mwenye wazazi waliougua ana sababu ya kupimwa mapema zaidi. Lakini si hukumu.

Chumvi isiyoonekana

Ni kutokana na kifo cha Roosevelt, kwa sehemu, kwamba Marekani iliamua kutafuta chanzo cha maradhi ya moyo. Mwaka 1948 ulianza uchunguzi katika mji wa Framingham, Massachusetts, uliowafuatilia wakazi 5,209 kwa miaka mingi, na humo ndimo lilimozoeleka wazo la kuwapo mambo yanayoongeza hatari kabla mtu hajaugua. Mwaka 2004, utafiti ulioongozwa na Profesa Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, katika nchi 52, ulithibitisha kwamba mambo tisa yanaeleza sehemu kubwa kabisa ya hatari ya mshtuko wa moyo, asilimia 90 kwa wanaume na 94 kwa wanawake, katika kila bara. Sigara na mafuta mabaya katika damu yaliongoza. Mengine ni kisukari, shinikizo la damu, kitambi, msongo wa mawazo, uhaba wa mboga na matunda, kutofanya mazoezi, na namna mtu anavyotumia pombe.

Msongo wa mawazo umo, kama msomaji anavyoona. Lakini ni mmoja kati ya tisa.

Kuhusu sigara sina la kuongeza ila kwamba shisha ni tumbaku, na harufu ya tufaha haiondoi sumu yake. Mirungi nayo huyaendesha mapigo ya moyo mbio na kupandisha shinikizo, jambo ambalo wachanganyaji wa mirungi na sigara wangefaa kulijua.

Chumvi ndiyo inayohitaji maelezo, kwa kuwa imejificha. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote inayoingia mwilini. Wastani wa dunia ni kiasi cha gramu 10.8. Mtu atasema hatii chumvi nyingi, na huenda ni kweli, hasa kama ameondoa kichupa mezani. Lakini amekula mkate asubuhi, na mkate una chumvi. Mchuzi umekolezwa kwa kidonge cha supu, ambacho kina chumvi nyingi sana. Kwenye chipsi imenyunyizwa, halafu ikafuata achari. Sisi wa pwani tuna papa mkavu na ng'onda, ambao kwa wa ughaibuni ni zaidi ya kitoweo: ni nyumbani kwenyewe kumefungwa katika karatasi. Sisemi waachwe. Nasema walowekwe, maji yamwagwe, yabadilishwe, na sufuria isitiwe chumvi nyingine.

Upande wa pili wa mizani ni chakula tulichoanza kukionea haya tulipopata fedha: mchicha, kisamvu, kunde, maharage, viazi vitamu, ndizi za kupika. Ndicho alichokiacha Mjaluo kijijini. Tui la nazi si adui kwa kiasi, ila lina mafuta yanayoganda, na wali wa nazi wa kila siku kwa mtu anayekaa kitini saa tisa si sawa na ule wa mvuvi aliyetoka kuvuta nyavu.

Inafaa kusema, japo kwa kupita, kwamba si kila ugonjwa wa moyo hutokana na haya. Katika nchi zetu wapo watoto na vijana wengi ambao milango ya mioyo yao imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye koo lililoambukizwa bakteria na kuachwa bila penisilini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, huwapasua wagonjwa wa namna hiyo. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kuonwa.

Pakiti tatu zisizoguswa

Narudi kwenye droo. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyesoma, huacha dawa? Kaka yangu hakuwa wa kwanza, na sababu zake nadhani ninazijua. Dawa ya malaria humezwa siku tatu, ikamalizika pamoja na ugonjwa. Dawa ya kifua kikuu ni ndefu lakini ina mwisho. Hii ya shinikizo haina mwisho, kwa sababu haiponyi: hushikilia. Ukiiacha, shinikizo hurudi pale pale, kimya kama lilivyokuwa. Mgonjwa anayejisikia vizuri akiwa anameza vidonge huambiwa na mwili wake kwamba amepona, na mwili unasema uongo.

Kuna gharama pia, kuna safari ya kwenda hospitali na foleni yake, na kuna habari za jirani kwamba vidonge hivi huharibu nguvu za kiume. Baadhi ya dawa huweza kuleta tatizo hilo, lakini shinikizo lenyewe lisipotibiwa huziharibu nguvu hizo pia. Anayepata madhara amweleze daktari abadilishiwe. Nafasi ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba vidonge vyenye dawa mbili kwa pamoja, ambamo mojawapo ni amlodipini, viliwasaidia wagonjwa wa Kiafrika vyema kuliko mchanganyiko mwingine usio nayo. Amlodipini ni dawa ya zamani, hutengenezwa na viwanda vingi, na si ghali.

Mimi mwenyewe nilipimwa wiki moja baada ya mazishi, katika duka la dawa la mtaani kwetu, zaidi kwa kumwogopa dada yangu kuliko kuyaogopa maradhi. Nchini England maduka mengi ya dawa huwapima bure wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Nilikuwa nimepanda ngazi za stesheni ya treni bila kutweta. Mashine ilisoma 172 kwa 104. Mfamasia, binti wa umri wa mwanangu, aliniketisha dakika tano, akaniomba ninyamaze, nikaegemeza mgongo, nyayo zikakanyaga sakafu, mkono ukawekwa juu ya meza usawa wa moyo. Akapima tena: 168 kwa 102. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana mkono unaoning'inia, mazungumzo, kahawa iliyonywewa sasa hivi au kibofu kilichojaa huweza kupandisha namba.

Ziko dalili za kungojwa na zisizongojwa. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukakosa nguvu au maneno yakavurugika, ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Kifua kikibana kama kilichowekewa jiwe, maumivu yakapanda shingoni au kushuka mkononi pamoja na jasho la baridi, ni moyo. Kwa wanawake huenda ikawa ni pumzi kukata, kichefuchefu na uchovu mkubwa tu. Wakati huo hapapakwi mafuta, wala hatafutwi wa kusoma dua kwanza. Dua isomwe garini.

Miezi minne baada ya maziko nilimpata msafiri, nikampa mashine ya kupimia ampelekee dada. Nilidhani ataitumia yeye na mumewe. Sasa kila baada ya sala ya alasiri majirani hujipanga barazani kwake, naye ana daftari la shule ambamo kila mtu ana ukurasa wake. Yumo fundi baiskeli wa miaka 32, mwembamba, ambaye siku ya kwanza alikuwa na 170 kwa 110 na akacheka, akasema yeye hana mawazo. Dada alimtuma zahanati mara mbili, hakwenda. Mara ya tatu alimsindikiza.

Jumapili iliyopita alinisomea kwa simu ukurasa wa fundi: 138 kwa 86. Kisha akaniuliza, "Na wako wewe, mdogo wangu?" Ikabidi nimwombe asubiri kidogo, nikainuka kwenda kuitafuta mashine.